Rejimenti Iliyozama Baharini: Habari za Wapiga Mizinga wa Afrika ya Mashariki

Hii ni hotuba iliyosomwa na mwalimu mmoja wa historia mbele ya wanafunzi, wazazi wao na wazee wa mtaa, katika siku ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Twaichapa hapa nzima kwa faida ya wasomaji ambao hawakuwapo.



Nimeombwa niseme nanyi juu ya historia ya kikosi kimoja cha askari. Watu wengi wasikiapo kwamba wataelezwa historia ya kikosi, hudhani watasomewa orodha ya vita vilivyopiganwa, miji iliyotekwa na nishani zilizotolewa. Kikosi nitakachowaeleza habari zake leo hakina orodha ya namna hiyo. Kilifundishwa kwa bidii, kikapewa kazi, kikapanda meli kwenda vitani, nacho hakikufika. Vita kilivyotumwa kwenda kupigana hakikuviona kamwe. Hata hivyo kilipoteza watu wengi zaidi katika dakika chache kuliko vikosi vingi vilivyopoteza katika miezi mingi ya mapigano.

Kikosi hicho ni Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Uwanjani, ya jeshi lililoitwa East African Artillery, yaani Jeshi la Mizinga la Afrika ya Mashariki. Wapiga mizinga wake walikuwa ni vijana wa nchi zetu hizi. Yafaa tuwajue.

MIZINGA YAINGIA KATIKA MAJESHI YETU

Kabla ya vita vikuu vya pili, jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya, lilikuwa jeshi la askari wa miguu. Silaha zao zilikuwa ni bunduki na bombomu. Vita vilipoanza mwezi wa Septemba 1939 watu wa huku walivisikia kama habari za mbali. Lakini tarehe 10 Juni 1940 Italia nayo iliingia vitani, na siku ile vita vikawa mlangoni petu, kwa maana Waitaliani walikuwa wakizitawala Eritrea, Uhabeshi na sehemu kubwa ya Somalia, na mpaka wao na Kenya ulikuwa mrefu sana. Askari mwenye bunduki tu hawezi kusimama siku nyingi mbele ya adui mwenye mizinga. Ndiyo sababu vijana wa Afrika ya Mashariki walianza kufundishwa kazi hiyo.

Jaribio lao kubwa la mwanzo halikukawia. Tarehe 3 Agosti 1940 majeshi ya Italia yaliingia katika Somalia iliyokuwa ya Waingereza. Njia ya kwenda bandari ya Berbera hupita katika vilima vya mahali paitwapo Tug Argan, na hapo ndipo watetezi walipojiweka. Walikuwapo askari wa Nyasaland na wa Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambazo leo twaziita Malawi na Zambia. Walikuwapo Wapunjabi kutoka Bara Hindi, na Wasomali wa kikosi cha ngamia. Pamoja nao ilikuwapo Betri Nyepesi ya Kwanza ya Afrika ya Mashariki, nayo ilikuwa na mizinga 4, kila mmoja wa inchi 3.7. Mizinga 4 tu, wasikilizaji wangu, igawanywe juu ya vilima kadha wa kadha, mbele ya adui mwenye watu na mizinga mingi mara nyingi kuliko hiyo.

Vita vya Tug Argan vilianza tarehe 11 Agosti na kuendelea hata tarehe 15. Katika siku ya pili kilima kimoja kilitekwa, na mizinga 2 iliyokuwa juu yake ikapotea. Mwishowe watetezi waliondoka usiku, wakafika Berbera, wakapakiwa katika meli na kuvushwa mpaka Aden. Katika kampeni ile upande wa Waingereza ulihesabu watu 260 waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea, na upande wa Waitaliani 2,052. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba watetezi walikimbia. Lakini nchi ilipotea, na kila aliyekuwapo alijua kwamba mizinga ilikuwa michache mno.

Wakubwa wa jeshi walilishika fundisho lile. Katika miaka iliyofuata, betri moja ya mizinga 4 ilifuatwa na nyingine, na nyingine tena, hata zikaundwa rejimenti kamili. Mwaka 1941 Waitaliani walishindwa katika Somalia na Uhabeshi. Mwaka 1942 askari wa Afrika ya Mashariki walipigana katika kisiwa cha Madagaska. Kisha mwaka 1943 iliundwa Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kifaru, nayo ikapelekwa Ceylon, kisiwa ambacho siku hizi chaitwa Sri Lanka, ijiweke tayari kupigana na Wajapani huko Burma. Divisheni haiendi vitani bila mizinga. Basi ikawa zamu ya wapiga mizinga kuvuka bahari.

KAZI YA MPIGA MZINGA

Kabla sijawapandisha melini, nataka mjue jinsi watu hawa walivyokuwa na ujuzi. Wako watu wadhanio kwamba kupiga mzinga ni kazi ya nguvu tu. Sivyo. Ni kazi ya hesabu.

Mzinga mkuu wa rejimenti za uwanjani katika jeshi la Uingereza wakati ule uliitwa kwa uzito wa kombora lake, yaani ratli 25, ambazo ni kama kilo 11 na zaidi kidogo. Mzinga wenyewe ulikuwa na uzito wa karibu tani 2, ukavutwa na gari lenye nguvu. Uliweza kulitupa kombora lake yadi 13,400, ambazo ni zaidi ya maili 7. Kwa kawaida rejimenti moja ilikuwa na mizinga 24, iliyogawanywa katika betri 3, kila betri mizinga 8.

Fikirini sasa maana ya maili 7. Mtu aliye penye mzinga hamwoni adui. Mbele yake pana kilima, au msitu, au mvua. Anayemwona adui ni ofisa aliyekwenda mbele pamoja na askari wa miguu, naye ana darubini, ramani na simu ya upepo. Huyu hupeleka habari nyuma. Nyuma wako watu wa hesabu, ambao huzichukua habari zile, wakapima umbali na upande, wakafikiri juu ya upepo na juu ya urefu wa vilima, kisha wakatoa amri kwa wenye mizinga. Hesabu ikikosewa kidogo, kombora huwaangukia wenziwe badala ya adui.

Penye mzinga husimama watu 6. Mmoja ni mkubwa wao, naye hutoa amri. Mmoja hufungua na kufunga mlango wa nyuma wa mzinga. Mmoja huelekeza shabaha. Mmoja hutia kombora, na baada ya kombora hutia baruti yake mbali, na wawili waliobaki huleta na kutayarisha makombora. Kila mmoja ana mahali pake na wakati wake. Mmoja akichelewa, wote huchelewa. Na mmoja akianguka, wa pili hana budi kuifanya kazi ya mwenzake juu ya kazi yake mwenyewe. Kwa hiyo kila mtu hufundishwa kazi ya kila mtu.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Vijana wengi walioingia katika jeshi la mizinga walitoka mashambani na malishoni, na wengine hawakupata kusoma shule hata mwaka mmoja. Walifundishwa kuendesha magari, kutumia simu ya upepo, kusoma namba za chombo cha shabaha, na kuitunza mashine ambayo uchafu kidogo waweza kuiharibu. Walitoka katika makabila mengi yenye lugha mbalimbali, na lugha iliyowaunganisha penye mzinga ilikuwa Kiswahili. Amri hutolewa mara moja tu. Asiyeelewa hana nafasi ya kuuliza mara ya pili.

Tena yafaa kusema kweli yote. Kwa siku zile Mwafrika hakupewa cheo cha ofisa. Maofisa wa rejimenti hizi walikuwa Wazungu, na mshahara wa Mwafrika ulikuwa mdogo kuliko wa Mzungu aliyesimama naye penye mzinga ule ule. Jambo hili wazee wetu waliliona, wakalikumbuka, na waliporudi walilisema. Silitaji ili kuamsha chuki. Nalitaja kwa sababu mtu akiwasifu askari kwa uhodari wao akaficha jinsi walivyopunjwa, sifa yake si kamili.

SAFARI KUTOKA KILINDINI

Mwezi wa Aprili 1942 ndege za Wajapani zilishambulia mji wa Colombo katika Ceylon, na kwa ajili ya hatari ile manowari za Waingereza katika Bahari ya Hindi zilihamia Kilindini. Kwa muda bandari ya Mombasa ikawa makao makuu ya manowari hizo. Mwanzo wa mwaka 1944 mambo yalikuwa yamegeuka, na watu walikuwa wakirudishwa Ceylon.

Katika siku za kwanza za mwezi wa Februari 1944 msafara wa meli 5 za kuchukua askari uling'oa nanga Kilindini kwenda Colombo. Meli hizo zilikuwa Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ellenga na Ekma. Rejimenti ya 301 ilipakiwa katika Khedive Ismail. Meli hii haikuwa mpya. Ilikuwa imeundwa huko Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikaitwa Aconcagua. Baadaye ilinunuliwa na kampuni ya Misri ikapewa jina lake jipya, na wakati wa vita ikatumika kuchukua askari.

Siku hiyo ilikuwa na watu 1,511. Katika hao, askari 996 walihesabiwa chini ya Rejimenti ya 301. Mabaharia wa manowari walikuwa 271. Walikuwapo pia wanawake 83, wengi wao wauguzi waliokuwa wakienda kuwatunza majeruhi, na wengine wafanyakazi wa jeshi la bahari na wa magari. Alikuwapo mwandishi wa habari mmoja, Kenneth Gandar-Dower, ambaye alikuwa ameandika juu ya askari wa Keya katika vita vya Madagaska. Waliosalia walikuwa ni watumishi wa meli.

Safari ilikuwa shwari kwa muda wa juma zima. Manowari kubwa iitwayo Hawkins iliulinda msafara, na walipokaribia mwisho wa safari zilikuja manowari nyingine mbili nyepesi zenye mwendo mkali, Paladin na Petard. Jumamosi, tarehe 12 Februari, msafara ulikuwa karibu na visiwa vya Maldivi, katika mlango wa bahari ulio kaskazini kidogo ya mstari wa Ikweta. Colombo haikuwa mbali tena. Baada ya chakula cha mchana watu wengi walikusanyika katika ukumbi wa meli kusikiliza muziki.

DAKIKA CHACHE

Chini ya maji ilikuwako nyambizi ya Kijapani iliyoitwa I-27, na kamanda wake aliitwa Toshiaki Fukumura. Saa nane na nusu za mchana, mlinzi mmoja katika Khedive Ismail aliona darubini ya nyambizi ikichomoza majini upande wa kushoto. Mzinga wa meli ulianza kupiga. Lakini wakati ule ule topido 4 zilikuwa zimekwisha tupwa, na 2 katika hizo ziliipiga meli.

Khedive Ismail ilizama katika muda usiozidi dakika 3.

Nataka mkae kimya kidogo mzifikiri dakika hizo. Katika dakika 3 mtu hawezi kutoka sehemu ya chini ya meli, apande ngazi mbili tatu, apite katika umati, huku meli imelala upande, maji yaingia na taa zimezimika. Mashua hazikuwahi kuteremshwa kama ilivyopasa. Waliookoka wengi ni wale waliokuwa juu, au waliokuwa karibu na mlango, au waliotupwa majini na meli yenyewe ilipopinduka. Wengi katika askari wetu walikuwa ni watu wa bara, wa nchi za vilima na mbuga, ambao bahari waliiona kwa mara ya kwanza walipofika Mombasa.

Meli nyingine 4 za msafara zilitawanyika mara moja, kama ilivyokuwa sheria ya misafara. Meli iliyojaa askari haikuruhusiwa kusimama kuokoa watu, kwa maana ingesimama ingekuwa shabaha ya pili. Paladin na Petard ndizo zilizogeuka kuwatafuta watu na kumtafuta adui.

UAMUZI MZITO

Sasa nimefika mahali pagumu katika habari hii. Ningeweza kupapita upesi, lakini si haki.

Paladin iliteremsha mashua kuwaokoa watu waliokuwa wakielea. Wakati huo nyambizi ilikuwa imejificha chini yao, mahali ilipodhani haitapigwa. Silaha ya kupigia nyambizi ilikuwa pipa la baruti ambalo hutupwa majini likapasuka chini. Likipasuka, nguvu yake huua kila kiumbe kilicho majini karibu yake.

Kamanda wa Petard, Rupert Egan, alikuwa na mambo mawili mbele yake. Akitupa mapipa yale, atawaua watu waliokwisha kuponyoka katika meli, watu ambao mabaharia wake waliwaona kwa macho yao wakipunga mikono. Asipotupa, nyambizi itaponyoka, nayo yaweza kuzifuata zile meli 4, zilizojaa maelfu ya askari, ikazizamisha kama ilivyoizamisha ya kwanza, na hata kuipiga manowari iliyosimama kuokoa.

Alitupa.

Watu waliokuwa majini waliuawa. Mabaharia walioifanya kazi ile waliishi na jambo hilo mpaka mwisho wa maisha yao. Nyambizi ilidhurika, ikalazimika kuelea juu ya maji, na pigano lilichukua saa mbili na nusu. Paladin ilitaka kuigonga, ikapasuliwa ubavu na bawa la nyambizi. Makombora ya mizinga midogo ya manowari hayakuweza kuivunja. Mwishowe Petard iliitupia topido moja baada ya moja, na ile ya saba iliipata. Nyambizi I-27 ilizama pamoja na watu wake, akaokoka mmoja tu.

Wanafunzi huniuliza kila mwaka, je, kamanda yule alifanya vema au vibaya? Huwajibu kwamba hesabu ya wafu na wazima yaweza kuonyesha kwamba alifanya lililompasa, maana meli 4 zile zilifika salama. Lakini mtu anayelisema jambo hilo upesi, bila moyo wake kuuma, hajalifahamu. Waliokuwa majini hawakuulizwa. Hawakuwa wametoa roho zao. Roho zao zilichukuliwa ili wengine waishi. Basi wale walioishi, na watoto wao, na wajukuu wao, wana deni kwao. Deni hilo halilipiki kwa fedha. Hulipwa kwa kuwakumbuka tu.

Hesabu ya mwisho ni hii. Katika watu 1,511, walikufa 1,297. Waliookoka walikuwa wanaume 208 na wanawake 6. Wanawake 77 walikufa, na hakuna siku nyingine katika vita vile ambapo wanawake wengi hivyo wa majeshi ya Uingereza na Jumuiya ya Madola walikufa kwa shambulio moja la meli. Na Rejimenti ya 301, ambayo ilitoka Kilindini ikiwa kamili, na mabetri yake, na wapiga simu wake, na wapishi wake, na madereva wake, haikuwa rejimenti tena.

WALIOFIKA BURMA

Vita havikungoja. Rejimenti nyingine za mizinga za Afrika ya Mashariki zilivuka bahari na kujiunga na Divisheni ya 11. Kuanzia mwezi wa Agosti 1944 divisheni hiyo iliteremka katika bonde la Kabaw, mahali penye malaria kali, wakati wa mvua kubwa ambazo ziligeuza njia kuwa matope tupu. Chakula na makombora yaliangushwa kwa ndege. Mizinga ile ya karibu tani 2 ilivutwa katika matope hayo, na magari yaliposhindwa, watu walisukuma na kuvuta kwa kamba. Mwezi wa Novemba walifika Kalemyo, na mwanzo wa Desemba walifika Kalewa, kando ya mto Chindwin. Hapo palijengwa daraja la zaidi ya futi 1,100 juu ya maji, na jeshi likavuka kuingia katika nchi tambarare ya Burma.

Kila kombora lililopigwa katika bonde lile na mikono ya Waafrika lilionyesha kwamba fundisho la Tug Argan halikupotea bure. Miaka 4 tu ilikuwa imepita tangu ile mizinga 4. Na katika hesabu ile ya ushindi yafaa pia watiwe wale waliofundishwa kazi ile ile, kwa amri zile zile, nao hawakufika.

JINA LA MTU

Wahenga walisema, kifo cha wengi arusi. Mimi nimeutafakari usemi huu mara nyingi katika habari ya Khedive Ismail, na naona kwamba hapa haukuingia. Waliokufa walikufa pamoja, lakini waliofiwa hawakulia pamoja. Wakati wa vita habari za kuzama kwa meli zilifichwa, adui asizijue. Mama mmoja alingoja Nyanza, na mwingine Ukambani, na mwingine Uganda, kila mmoja peke yake, wala hakujua kwamba wako wengine mamia waliokuwa wakingoja kama yeye.

Tena hapakuwa na maiti. Nyote mwajua jambo hili lina uzito gani katika nchi zetu. Mwislamu aweza kusaliwa sala ya ghaibu. Wajaluo, mtu wao akipotea bila mwili wake kuonekana, huzika tunda la mti wa yago mahali pake, apate kaburi nyumbani kwao. Kila kabila lina njia yake ya kumwambia marehemu kwamba hakutupwa. Kwani mtu asiye na kaburi humwachia mamaye swali lisilokwisha, na kila mgeni atokeaye njiani jioni humfanya ainue kichwa.

Kwa hiyo, watu hawa hawana kaburi ila bahari. Kilichobaki ni majina yao. Hapa iko tofauti moja ambayo napenda muijue. Katika vita vya kwanza, vya miaka ya 1914 hata 1918, wapagazi na askari wa Afrika ya Mashariki walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi sana hawakuandikwa majina yao popote. Mkienda Nairobi, katika Kenyatta Avenue, mtaona sanamu za watu watatu, askari wawili na mpagazi mmoja. Ni sanamu nzuri, lakini hazina jina la mtu. Mwaka 2021 tume iliyoundwa na Halmashauri ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake, na Halmashauri ikakiri wazi kwamba Waafrika hawakukumbukwa sawa na wengine, ikaomba radhi.

Katika vita vya pili haikuwa hivyo kwa askari hawa. Iko makaburi ya vita kando ya Ngong Road, Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1941. Ndani yake liko jengo la ukumbusho wa Afrika ya Mashariki, na katika kuta zake yamechongwa majina ya wale waliokufa wasipate kaburi linalojulikana, pamoja na wale waliokwenda na Khedive Ismail. Mwenye cheo na asiye na cheo, wote wako. Anayetaka kwenda aende. Haitakiwi ruhusa wala fedha. Achukue dakika chache tu, asome jina moja kwa sauti, jina la kijana ambaye yamkini hakuna aliyelitamka tangu wazee wake walipokufa.

Nina ombi moja kwenu wanafunzi, kisha nitakaa. Katika nyumba zetu nyingi liko jina la babu au mjomba ambaye huambiwa tu kwamba alikwenda vitani asirudi. Wazee wanaolijua jina hilo wamebaki wachache, na kila mwaka hupungua. Jioni ya leo mkifika nyumbani, waulizeni. Ulizeni jina lake kamili, jina la baba yake, kijiji chake, kikosi chake kama kinajulikana, na mwaka alioondoka. Andikeni katika daftari, mwandike vizuri, mkiwa na tarehe ya siku mliyoandika na jina la mzee aliyewaeleza. Msiongeze lolote la kutunga. Kama mpiga mzinga alivyofundishwa kwamba hesabu ikikosewa kidogo kombora hupotea, ndivyo na historia ilivyo: jina likiandikwa vibaya mtu hupotea mara ya pili.

Rejimenti ya 301 haikupiga mzinga katika vita ilivyotumwa. Haikuteka mji. Watu wake walijifunza kazi ngumu, wakaijua, wakapanda meli walipoitwa. Hayo ndiyo waliyoyafanya, nasi tuliobaki yatupasa kuyajua na kuyataja.